Kundi la Watu Wawili

Wusong, Shanghai
3 Juni 2024

Mdogo wangu Zuoliang,

Salamu zikufikie wewe na mkeo Glenda. Sisi huku tu wazima kwa kadiri ya umri wetu. Mama alitimiza miaka tisini na mitano mwezi uliopita. Alimaliza bakuli zima la tambi za siku ya kuzaliwa, kisha akaomba mchuzi uliobaki kwenye langu. Sikio lake la kulia limekufa kabisa, na la kushoto husikia linachotaka. Macho ndiyo yanayonishangaza: haoni tundu la sindano, lakini husoma jina la meli iliyo katikati ya mto.

Nakuandikia kwa sababu ya habari niliyoikata gazetini na kuiambatisha hapa. Tangu tarehe kumi na tano Mei, wageni wanaofika kwa meli za utalii wakiwa kundi hushuka katika bandari zetu bila viza. Isome mpaka mwisho, pamoja na maandishi madogo.

Mwaka 2018 nilikuandikia barua ya mwaliko kama ubalozi unavyotaka: jina langu, namba ya kitambulisho, uhusiano wetu, nakala ya kitabu cha familia. Ulisema ilipotea njiani. Mwaka 2019 niliandika nyingine. Ulisema fomu ya viza ni ndefu, na kwamba wanataka pasi yako ya zamani ya Kichina ambayo hujui ilipo. Sikuuliza zaidi. Sasa fomu imeondolewa. Gati la meli hizo liko vituo vitatu vya basi kutoka mlangoni petu.

Nilipomsomea Mama habari hii, alisema, "Kwa hiyo mtu anaingia China kama anavyoingia sinema? Anakata tiketi tu?"

Nikamwambia ndiyo.

"Basi mwambie Zuoliang akate. Viti vya mbele vitaisha."

Usinijibu kwa simu. Kwenye simu huwa unakohoa tu, na kikohozi hakina maana katika lugha yoyote.

Dada yako,
Peiyun


Tacoma
30 Juni 2024

Dada Mkubwa Peiyun,

Nimepokea barua yako, nami nafurahi kusikia kwamba Mama bado anakula vizuri. Sisi hatujambo. Mvua imekatika, Glenda amepanda nyanya, nami tangu nistaafu karakana ya meli ninatengeneza baiskeli za majirani ili mikono isisahau kazi. Mtoto wa jirani ananiita Mzee Spana.

Nilisita kukuandikia jambo hili, lakini umenitangulia. Glenda ametamani safari ya meli kwa miaka mingi, na mwezi uliopita tulikata nafasi. Meli itaondoka Busan mwezi Aprili mwakani. Tarehe tisa Aprili itafika Shanghai saa moja asubuhi, na saa kumi na moja jioni itaondoka kwenda Nagasaki.

Lakini soma tena habari uliyoikata. Ni lazima tuwe katika kundi. Tunashuka na kundi na kurudi na kundi. Kundi letu lina watu arobaini na mmoja, na basi limeshapangiwa njia: bustani ya kale, nyumba ya chai, duka la hariri, kisha gatini. Wusong hawasimami. Siwezi kutoka katika kundi, kwa sababu anayeacha kundi amevunja sheria ya nchi. Kundi ni kundi, Dada. Si mimi niliyetunga kanuni.

Mwambie Mama nitapita karibu.

Mdogo wako,
Zuoliang


Wusong
26 Julai 2024

Mdogo wangu Zuoliang,

Salamu kwako na kwa mkeo. Huku joto limezidi. Mama hulala mchana juu ya mkeka wa mianzi, na akiamka anadai tikitimaji lililotiwa kisimani, ingawa kisima kilifukiwa mwaka 1982. Namtolea la jokofuni, analionja, anasema, "Kisima cha siku hizi hakina baridi."

Sasa nisikilize. Mwandiko wako bado unaegemea kushoto, nami nimeuzoea. Siwezi kuzoea makosa. Umeandika neno "kundi" mara nyingi, na kila mara umeweka alama ya mti ndani ya kisanduku. Herufi ya kundi haina mti ndani yake. Kisanduku chenye mti ni herufi ya kukwama, ya mtu aliyezingirwa asiweze kutoka. Umeniandikia ukurasa mzima kwamba huwezi kutoka katika kukwama.

Herufi sahihi ulijifunza ukiwa na miaka saba, nami ndiye niliyekufundisha. Ni herufi ile ile ya tonge la kijani tunalokula siku ya kusafisha makaburi, na ni herufi ile ile ya familia kukaa tena kuizunguka meza moja. Mtu aliyesahau herufi hiyo amesahau vitu vitatu kwa pamoja.

Nilikwenda kwa wakala wa safari aliye karibu na kituo cha treni. Anayehusika na wageni wa meli ni Bi. Ruan, mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye adabu na kalamu mbili nywelani. Nilimuuliza, "Sheria inasema kundi ni watu wangapi?"

"Wawili au zaidi, Mwalimu. Mradi wapokewe na wakala wa hapa na waondoke na meli ile ile."

"Mume na mke ni wangapi?"

Alinitazama kama aliyehisi mtego. "Wawili, Mwalimu. Wasipogombana."

Basi ni hivi. Wewe na Glenda mnaweza kuwa kundi. Ofisi ya Bi. Ruan itaandika majina yenu na ratiba yenu, na ratiba ni sisi tunaoipanga. Gari litawachukua gatini saa mbili na nusu. Saa tatu mtakuwa mezani kwa Mama. Saa tisa alasiri mtarudishwa melini. Ni halali kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Nimeisoma kanuni mara tatu.

Mama ameshaanza kupanga chakula. Ameuliza, "Huyo mkewe atakula matonge ya kijani? Wazungu huogopa chakula cha rangi ya majani." Nikasema sijui. Akasema, "Akiogopa, nitamlisha macho yakiwa yamefumbwa, kama nilivyokuwa nikimlisha mumewe."

Bi. Ruan anahitaji namba za pasi zenu. Nimempa namba ya simu ya nyumbani kwenu ili msisumbuke kuandika.

Dada yako,
Peiyun


Tacoma
9 Septemba 2024

Dada Mkubwa,

Nisamehe kwa kuchelewa. Salamu nyingi kwa Mama. Nyanya zilikuwa nyingi mno tukagawa. Nilipatwa na mafua ya wiki mbili, kisha Glenda naye akayapata.

Kuhusu mpango wako, nimeufikiria sana. Goti la Glenda ni baya. Nyumba yetu ya huko iko ghorofa ya tano, na sidhani kwamba wameweka lifti. Kukaa saa sita na watu ambao hawaelewi lugha yake kutamchosha. Tena safari imeshapangwa, na ni vigumu kuibadilisha. Kwa basi ni rahisi zaidi kwa kila mtu. Labda safari nyingine nije peke yangu, tukipanga mapema.

Nakuomba jambo moja. Mwambie Bi. Ruan asipige simu nyumbani. Kama ni lazima, apige Jumanne au Alhamisi asubuhi ya huku, wakati Glenda amekwenda kuogelea.

Zuoliang


Wusong
4 Oktoba 2024

Zuoliang,

Natumaini mafua yamekwisha. Mama ni mzima. Kuhusu goti, lifti iliwekwa miaka mitatu iliyopita. Nilikuandikia wakati ule.

Barua yako ya Septemba imefika jana. Bi. Ruan alipiga simu Jumatatu ya wiki iliyopita.

Hakunijulisha kwa simu. Alikuja mwenyewe na kikapu cha peasi, akamsalimu Mama, akasifu maua ya dirishani, kisha akaomba kunisaidia kuosha peasi jikoni. Huko akaniambia, akitazama bomba.

"Mwalimu, mke wa ndugu yako ni mtu mpole. Nilimwambia tunataka kuwapeleka kwa mama mkwe wake. Akaniomba nirudie. Halafu akasema labda nimekosea nyumba, maana mama mkwe wake alifariki mwaka 1993, mwezi mmoja na baba mkwe. Akasema yeye mwenyewe humchomea ubani kila Aprili. Aliuliza kama anatamka vizuri jina la marehemu."

Nikamuuliza alijibu nini.

"Nilisema nimekosea namba. Nikaomba radhi. Ningesema nini kingine, Mwalimu?"

Mama akaita kutoka chumbani, "Nani amekufa?"

"Hakuna, Mama."

"Basi mbona mnanong'ona kama watu wa msibani?"

Mwaka 1993 tulimzika Baba, na hukuja. Mama nilimpeleka mimi kuchagua jiwe la kaburi. Tangu siku ile hadi leo nimempikia kila siku. Ningependa kujua nimekuwa nikimpikia nani.

Sikuulizi kwa nini. Nasubiri barua.

Peiyun


Tacoma
21 Desemba 2024

Dada Mkubwa,

Leo ni siku fupi kuliko zote za mwaka, na najua kwamba huko mmekula maandazi ya mchele. Natumaini Mama hakukohoa wakati wa baridi ya kwanza. Nimeianza barua hii mara sita.

Mwaka 1990 nilipoiacha hapa Tacoma meli niliyokuwa nikifanyia kazi, sikuwa na karatasi. Mtu wa namna hiyo akitoka hawezi kurudi. Habari ya Baba ilinikuta kazini. Glenda alikuwa karani pale, akaniona nimesimama mbele ya mashine iliyozimwa. Akauliza nani amefariki. Nikasema baba yangu. Akauliza, "Na mama yako?" Kama ningesema yu hai, swali lililofuata lingekuwa: basi unafanya nini hapa? Nikasema wote wawili.

Nilidhani kwamba nitalirekebisha neno lile wiki hiyo hiyo. Wiki ikapita. Akanipikia supu. Mwaka 1995 tukaoana, na kanisani watu wakaniombea mimi yatima. Akaitafutia fremu ile picha ya Mama aliyopigwa mbele ya lango la kiwanda cha nguo. Akasoma kitabuni kwamba watu wetu huwakumbuka wafu mwezi wa Aprili. Miaka yote hii hajakosa hata mara moja. Huwasha vijiti vitatu vya ubani, huinamisha kichwa, hulitaja jina la Mama kama alivyolisoma. Mimi husimama nyuma yake.

Fomu za viza angezijaza yeye, maana fomu zote za nyumba hii huzijaza yeye. Fomu ile huuliza jina la mama yako, tena huuliza anaishi wapi. Barua yako ya kwanza ya mwaliko haikupotea. Pasi ya zamani ninayo. Meli haiulizi kitu, ndiyo maana niliikubali meli.

Siwezi kumwambia sasa. Si uongo tena, Dada. Ni nyumba ambayo yeye anakaa ndani yake.

Uliposahihisha herufi yangu nilikasirika. Kisha nilitazama tena barua niliyokuwa nimeanza, nikakuta nimeiandika vile vile, na sikuifuta.

Usimwambie Mama.

Zuoliang


Wusong
15 Januari 2025

Zuoliang,

Safari hii naruka salamu.

Hukumwua Mama kwa chuki, hilo nimelielewa. Ulimwua kwa uvivu wa kujibu swali la pili. Mwanafunzi wangu akifanya hivyo katika mtihani humpa sifuri, lakini humwacha akae na wenzake.

Mkeo amemtunzia Mama heshima ambayo wewe hukumtunzia, tena kwa jina analolitamka vibaya. Ningempelekea shukrani za Mama, ila barua ya kutoka kwa maiti ingemtia hofu.

Mama sikumwambia. Ameuliza kuhusu tarehe tisa Aprili. Nimemjibu kwamba kundi lenu ni kubwa na sheria ni kali, na kwamba hutaweza kufika nyumbani. Ni mara ya kwanza kumdanganya mama yangu, nami nina miaka sabini na mitano. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Kama hawezi kushuka, si atapita? Meli zote zinapita."

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na si kwa ajili yako. Meli ikitoka gatini kwenda baharini hupita mbele ya bustani ya ngome, pale ulipokuwa ukikamata kaa. Bustani itakuwa upande wa kulia wa meli. Saa kumi na moja na robo nitakuwa pale na Mama, ukingoni, kwenye kiti chake cha magurudumu. Simama upande huo, sitaha ya juu. Vaa kitu chekundu. Punga. Mkeo akiuliza, mwambie unapungia mto. Hiyo haitakuwa mbaya kuliko mengine uliyomwambia.

Jibu kwa ndiyo au hapana. Usieleze.

Peiyun


Tacoma
8 Februari 2025

Dada Mkubwa,

Ndiyo. Nitavaa skafu nyekundu. Mwambie Mama atazame sitaha ya juu.

Zuoliang


Tacoma
2 Mei 2025

Dada Mkubwa Peiyun,

Salamu kwako na kwa Mama. Tulirudi salama wiki iliyopita. Glenda alifurahi sana. Goti lilimsumbua Nagasaki tu.

Siku ile Shanghai ilikwenda kama ilivyopangwa. Tulibandikwa namba kifuani. Yangu ilikuwa kumi na saba. Mwongozaji alikuwa na bendera ndogo ya njano, na kila tulipopanda basi alituhesabu kwa kidole, kama kuku wanaorudi bandani. Kwenye nyumba ya chai nilimsikia mhudumu akimwambia mwenzake kwa lugha ya nyumbani, "Huyu mzee anakula kama mtu wa huku." Nikaendelea kula. Glenda aliuliza wamesema nini. Nikamwambia wanasifu koti lake. Barabara zote zimebadilika. Nilitafuta bomba la moshi la kiwanda, sikuliona.

Jioni nilifanya kama tulivyoahidiana. Nilisimama upande wa kulia, sitaha ya juu, na skafu nyekundu. Niliwaona. Nilipunga mpaka mkono ukachoka. Sitaisahau saa ile.

Mwambie Mama nimemwona, na kwamba anaonekana mwenye nguvu.

Mdogo wako,
Zuoliang


Wusong
1 Juni 2025

Mdogo wangu Zuoliang,

Salamu kwako na kwa mkeo.

Tarehe tisa Aprili Mama aliamka mapema. Alinisimamia nikitengeneza matonge ya kijani, ingawa siku ya makaburi ilikuwa imepita, akasema nimekanda kama ninayemwadhibu mtu. Akachukua mawili, akayafunga kwa kitambaa, akayaweka mapajani. Nilimwambia kwamba meli haitasimama. Akasema, "Najua. Nataka tu ayaone."

Saa kumi tulikuwa bustanini. Kulikuwa na upepo, na watu wengi waliokuja kutazama meli. Meli ilitoka kwa wakati wake. Ilipofika mbele yetu nilimwona mtu aliyevaa nyekundu kwenye sitaha ya juu, akipunga kwa nguvu. Nikamwonyesha Mama. "Yule pale, Mama. Ni Zuoliang."

Alimtazama. Unajua jinsi macho yake yanavyoona mbali.

"Huyo si wetu," akasema. "Anapunga kwa mkono wa kulia."

"Labda Marekani wamemfundisha."

"Wewe ulimfunga mkono wa kushoto kwa skafu yako ya shule kwa miaka miwili, ukashindwa. Marekani wataweza?"

Sikujua kwamba aliikumbuka ile skafu. Nilidhani kwamba mimi peke yangu ndiye ninayeikumbuka.

Kisha Mama akainua mkono, akaanza kupunga. Nikamwambia, "Mama, umesema si yeye."

"Si yeye. Lakini anapunga, na hana wa kumpungia. Na huyo ana mama yake. Punga na wewe, usimwaibishe."

Tukapunga, mimi na yeye, mpaka meli ilipozunguka kona ya mto. Njiani alikula tonge moja na kunipa la pili.

Umeandika kwamba ulituona. Sitakuuliza Mama alivaa koti la rangi gani. Sijui ulikuwa wapi saa ile. Labda ulikuwa upande wa kushoto, unaotazama ng'ambo, au chumbani, pazia likiwa limefungwa. Nilikwambia usieleze, na sasa pia usieleze.

Mama alifariki tarehe kumi na moja Mei, baada ya chakula cha mchana, kitini pake. Tulimlaza kando ya Baba. Bi. Ruan alikuja, akashika upande wa pili wa picha yake, kwa kuwa hakukuwa na mtoto mwingine wa kuishika. Barua yako ilifika siku kumi na mbili baada ya mazishi, kwa hiyo sikuweza kumpa salamu zako. Sikukupigia simu. Kwenu msiba huo ulikwisha mwaka 1993, na mkeo angepokea simu angesema tena kwamba tumekosea nyumba.

Lakini Aprili ijayo, atakapowasha vile vijiti vitatu, usisimame nyuma yake. Simama kando yake, na umfundishe kulitamka jina la Mama vizuri. Sasa ubani wake una mwenyewe.

Dada yako,
Peiyun